Salamu Iliyoitikiwa na Isiyoitikiwa: kanoni na mwendelezo katika filamu na tamthilia za Marvel na DC

Katika The Avengers ya mwaka 2012, Loki anamchoma Phil Coulson, ajenti wa shirika la siri la S.H.I.E.L.D., kwa nyuma, na kifo hicho ndicho kinachowafanya Iron Man, Captain America na wenzao waache kuzozana na kuwa kitu kimoja. Septemba 2013, Coulson yuleyule, akiigizwa na Clark Gregg yuleyule, akaonekana mzima kwenye televisheni ya ABC ya Marekani akiongoza kikosi katika Agents of S.H.I.E.L.D. Tamthilia hiyo ikaenda misimu 7, sehemu 136, hadi Agosti 2020. Muda wote huo hakuna filamu ambamo Tony Stark, yaani Iron Man, aliambiwa kwamba rafiki yake yu hai. Aliyetazama filamu peke yake anajua Coulson alikufa. Aliyetazama tamthilia anajua alifufuliwa. Wakibishana hao wawili hakuna atakayeshinda, maana kila mmoja ana ushahidi wenye nembo ya Marvel.

Ubishi wa namna hii hukatika, lakini si kwa kurudia kutazama kwa makini zaidi. Hukatika kwa kuuliza kazi ilitengenezwa na nani, chini ya ofisi ipi, na kama iliyotajwa iliwahi kuitikia.

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Kanoni ni orodha ya kazi zinazohesabika kuwa zimetokea kweli ndani ya hadithi. Neno lenyewe ni ndugu wa neno letu kanuni: Wagiriki waliita kanon fimbo ya kupimia, Waarabu wakalichukua kuwa qanun, nasi tukalipokea kutoka kwao. Kanisa likaita kanoni orodha ya vitabu vinavyokubaliwa kuwa Biblia, na baadaye wapenzi wa Sherlock Holmes wakaliazima ili kuzitenga hadithi 60 za Arthur Conan Doyle na zile za waigaji wake. Mwendelezo ni jambo jingine. Ni kule kukumbukwa: lililotokea jana lina uzito leo, jeraha linabaki jeraha, aliyekufa anaendelea kuwa amekufa mpaka tuelezwe vinginevyo.

Kazi inaweza kuwa ndani ya kanoni na bado ikavuruga mwendelezo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Spider-Man: Homecoming ya 2017. Inaanza na mabaki ya vita vya New York vya kwenye The Avengers, ambavyo ni vya 2012, kisha skrini inaandika kwamba miaka 8 imepita. Piga hesabu: tumefika 2020. Lakini Homecoming inatokea miezi michache tu baada ya Captain America: Civil War, na humo Vision anasema imepita miaka 8 tangu Stark ajitangaze kuwa Iron Man, yaani 2008 kujumlisha 8, tunapata 2016. Zaidi ya hapo, Avengers: Infinity War inatokea 2018, na mwishoni mwake adui Thanos anafuta nusu ya viumbe wote, na Peter Parker, yaani Spider-Man, anageuka vumbi kwa miaka 5. Kama Homecoming ingekuwa ya 2020, mtoto huyo angekuwa anakwenda shule akiwa vumbi. Marvel yenyewe ilipotoa mpangilio wa miaka mwaka 2018, iliiweka Homecoming katika 2016. Maandishi ya kwenye skrini yakaachwa kama kosa la hesabu, filamu ikabaki ndani.

Hapo kuna jambo la kushika: kosa haliitoi kazi kwenye kanoni, na usafi hauiingizi. Daredevil ya Netflix haikuwa na mgongano wowote mkubwa na filamu, lakini ilikaa miaka kadhaa mlangoni.

Salamu na mwitikio

Kwa hiyo mtazamaji apime nini? Kipimo kinachofaa kuliko vyote ni uelekeo wa kutajana. Tamthilia inaweza kuitaja filamu mara mia. Hiyo ni salamu. Undugu unathibitika salamu ikiitikiwa, yaani filamu nayo ikimtambua mtu au tukio lililozaliwa kwenye tamthilia.

Agents of S.H.I.E.L.D. ilisalimu kwa bidii ya kusikitisha. Captain America: The Winter Soldier ilipoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 4 Aprili 2014, ilifichua kwamba shirika la S.H.I.E.L.D. limeoza kwa ndani na limejaa watu wa Hydra, adui wake wa siri. Siku 4 baadaye, tarehe 8 Aprili, sehemu ya 17 ya tamthilia ikabomoka kwa siri hiyohiyo. Ilikuwa kazi safi ya kupanga tarehe, lakini angalia gharama yake: sehemu 16 za mwanzo zililazimika kuzungukazunguka, kwa sababu siri kuu ya hadithi yao ilikuwa mali ya filamu isiyotoka bado. Watu wengi waliiacha tamthilia katika sehemu hizo. Na filamu iliyofuata haikuuliza lolote kuhusu Coulson.

Sababu ilikuwa ya kiofisi. Filamu zilitengenezwa na Marvel Studios chini ya Kevin Feige. Tamthilia zilikuwa za Marvel Television, iliyoanzishwa 2010 chini ya Jeph Loeb. Mwaka 2015 Feige aliondolewa kwenye mamlaka ya Ike Perlmutter, mkuu wa Marvel Entertainment, akawa anawajibika kwa Disney moja kwa moja kupitia Alan Horn. Televisheni ikabaki upande wa zamani. Kuanzia hapo zilikuwa nyumba mbili zenye jina moja mlangoni. Ongeza tofauti ya ratiba: filamu hupangwa miaka mingi kabla, ilhali msimu wa televisheni wa sehemu 22 huandikwa huku unapigwa picha na huku unarushwa. Mwandishi wa filamu hawezi kutegemea tukio ambalo bado halijaandikwa, wala hataki kumlazimisha mtu aliyelipa kiingilio cha sinema kwanza atazame sehemu 60 nyumbani.

Matokeo yake yalionekana vibaya zaidi 2019. Msimu wa 5 wa Agents of S.H.I.E.L.D. ulimalizika Thanos akiwa anashambulia. Msimu wa 6 ulianza Mei 2019, wiki 2 baada ya Avengers: Endgame, na hadithi yake iko mwaka mmoja mbele. Kwa mujibu wa filamu, wakati huo nusu ya viumbe wote hawapo. Kwenye tamthilia hakuna hata mtu anayelitaja jambo hilo, kwani waandishi walilazimika kuandika kabla ya kujua Endgame ingesuluhisha vipi. Pengo hili ni kubwa kuliko lile la Homecoming. Kule tarakimu moja ilikosewa. Hapa ni nusu ya dunia.

Dalili nyingine ni kitabu cha uchawi kiitwacho Darkhold. Kilionekana katika msimu wa 4 wa Agents of S.H.I.E.L.D., kikaonekana tena katika Runaways, kisha kikatokea katika WandaVision kikiwa na sura tofauti, bila yeyote kusema kimepitia wapi. Hivyo ndivyo ofisi mpya inavyoonyesha kwamba haikuona haja ya kusoma daftari la ofisi ya zamani.

Marvel Television ilifungwa Desemba 2019 na kazi zake kuingizwa Marvel Studios. Ndiyo maana tarehe 15 Januari 2021, WandaVision ilipoanza, ni mstari wa kukumbuka. Tamthilia zilizofuata zilitoka kwenye meza ileile ya filamu, na salamu zikaanza kwenda pande zote mbili. Ayo wa Wakanda ni mfano mzuri. Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, alimwigiza katika Civil War na Black Panther, akaja naye katika The Falcon and the Winter Soldier mwaka 2021, kisha akarudi naye kwenye filamu ya Black Panther: Wakanda Forever 2022. Ni mtu mmoja, kumbukumbu moja, na hakuna aliyehitaji kubishana.

Kabla ya mstari huo kuna mwitikio mmoja tu wa filamu unaostahili kutajwa. Katika Endgame, Stark anarudi 1970 na kumwona baba yake akiwa na dereva wake, Jarvis, ambaye ni James D'Arcy, mwigizaji wa Jarvis katika Agent Carter ya 2015 na 2016. Ni sekunde chache, lakini zinatosha kuipa Agent Carter nafasi iliyo imara kuliko tamthilia yoyote ya ABC.

Daredevil, au jinsi kanoni inavyobadilika kazi ikiwa jikoni

Kisa cha Daredevil kinafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu kinaonyesha uamuzi ukibadilika wakati picha zinapigwa.

Kati ya 2015 na 2019 Netflix ilirusha tamthilia 6 za Marvel: Daredevil, Jessica Jones, Luke Cage, Iron Fist, The Defenders na The Punisher. Jumla ni sehemu 161. Salamu kwa filamu zilikuwemo. Ofisini kwa mwandishi wa habari Ben Urich kuna kurasa za gazeti ukutani, mojawapo ikiwa na vita vya New York. Luke Cage anapigwa risasi iliyotengenezwa kwa madini ya Chitauri, wavamizi wa vita hivyo. Filamu zikanyamaza. Tamthilia zote zikakoma.

Desemba 2021, ndani ya wiki moja, salamu ziliitikiwa mara mbili. Hawkeye ikamwonyesha Vincent D'Onofrio akiwa Kingpin, adui mkuu wa Daredevil, mwishoni mwa sehemu ya 5, na siku 2 baadaye Spider-Man: No Way Home ikamleta Charlie Cox akiwa wakili Matt Murdock, yaani Daredevil. Watu wakashangilia, na wengi wakahitimisha kwamba tamthilia ya Netflix imeingia kwenye kanoni. Walikuwa wamewahi mno. Mwigizaji yuleyule si lazima awe mtu yuleyule. Gemma Chan alikuwa Minn-Erva katika Captain Marvel, kisha Sersi katika Eternals. Alfre Woodard alionekana mwaka mmoja, 2016, akiwa mama aliyefiwa katika Civil War na akiwa mwanasiasa Mariah Dillard katika Luke Cage. Uso ni dalili. Ushahidi ni kumbukumbu: mhusika akitaja jambo ambalo angeweza kulijua tu kama hadithi ya nyuma ilitokea.

Na kweli, Daredevil: Born Again ilipoanza kupigwa picha, ilikuwa karibu na mwanzo mpya. Ilipangiwa sehemu 18, bila Foggy Nelson wala Karen Page, marafiki wa Murdock, na mke wa Kingpin alikuwa amepewa mwigizaji mwingine. Migomo ya Hollywood ya 2023 ikasimamisha kazi. Studio ikatazama kilichokwisha kupigwa, na kufikia Oktoba waandishi wakuu walikuwa wameondolewa. Akaja Dario Scardapane, aliyekuwa ameandikia The Punisher. Sehemu ya kwanza mpya ikapigwa, Elden Henson na Deborah Ann Woll wakarudi kuwa Foggy na Karen, Ayelet Zurer akarudi kuwa Vanessa, mke wa Kingpin, Wilson Bethel akarudi kuwa muuaji Bullseye. Msimu uliotoka Machi 2025 una sehemu 9, na tukio lake la kwanza lisingekuwa na uzito wowote kama misimu mitatu ya Netflix haihesabiki. Huo sasa ni mwitikio kamili.

Katikati ya hayo, Januari 2024, wakati tamthilia ya Echo inatoka, Disney+ iliziingiza tamthilia za Netflix kwenye orodha yake ya matukio kwa mpangilio wa miaka. Agents of S.H.I.E.L.D. haikuwekwa humo.

Anayejaziwa muvi kwenye flashi haioni orodha hiyo. Mafaili yake yamepangwa kwa alfabeti, na Avengers: Endgame inatangulia Avengers: Infinity War. Huyo asome nembo za mwanzo. Marvel Studios maana yake meza ya Feige. Filamu za Sony kama Venom huandika kwamba zimetengenezwa kwa kushirikiana na Marvel, na hilo peke yake halitoshi kuziingiza. Tahadhari moja hapa: jina Marvel Television lilirudishwa mwaka 2024 na linaonekana kwenye Agatha All Along na Born Again, lakini safari hii ni lebo tu ndani ya Marvel Studios, si ile nyumba ya Loeb. Nembo bila mwaka inapotosha.

Na kwa Born Again, usitazame sehemu zote 161. Chukua Daredevil misimu 3, ambayo ni sehemu 39, na The Defenders sehemu 8. Kisha sehemu 2 za mwisho za Hawkeye, sehemu za 8 na 9 za She-Hulk, na Echo yote, sehemu 5. The Punisher inasaidia ukitaka kumwelewa Frank Castle, ila hutapotea ukiiruka.

Mwitikio unaweza kuchelewa sana. The Incredible Hulk ya 2008 ilitelekezwa kiasi kwamba hata Edward Norton, aliyekuwa Hulk, alibadilishwa, akaja Mark Ruffalo. Wengi waliiruka. Lakini adui wake, Abomination, alirudi katika Shang-Chi 2021, na Captain America: Brave New World ya 2025 imesimama juu ya mabega ya filamu hiyo ya 2008: Samuel Sterns aliyeachwa na kidonda kichwani 2008 anarudi akiwa ndiye tatizo, miaka 17 baadaye, na Liv Tyler anarudi kuwa Betty Ross. Jenerali Ross mwenyewe ana uso wa Harrison Ford, kwa kuwa William Hurt, aliyemwigiza kabla, alifariki 2022. Kubadilisha mwigizaji, basi, hakukati mwendelezo. Kilichobaki ni kumbukumbu. Ila usiichanganye na Hulk ya 2003 iliyoongozwa na Ang Lee. Hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Malimwengu mengi hayafuti hesabu

Tangu tamthilia ya Loki ya 2021, jibu la haraka la kila swali limekuwa kwamba kila kitu kimo, ila katika ulimwengu mwingine. Jibu hili ni kweli na halisaidii. Kuwepo ni jambo moja, kuhesabika katika hadithi unayoifuata ni jambo jingine. Anson Mount, aliyekuwa Black Bolt katika tamthilia ya Inhumans ya 2017, alirudi kuwa Black Bolt katika Doctor Strange in the Multiverse of Madness 2022. Lakini huyu ni wa ulimwengu namba 838, wakati filamu yenyewe inauita ulimwengu wa Strange 616. Salamu imeitikiwa na mtu wa jina hilohilo anayeishi nyumba nyingine. Inhumans haikupata chochote.

Njia hii ikitumiwa kwa heshima hulinda mwendelezo. Sisi tumelelewa na imani kwamba steringi hafi, na Wolverine alikufa kweli katika Logan ya 2017. Deadpool & Wolverine ya 2024 inaanza kwa kufukua kaburi na kuonyesha mifupa. Aliyekufa amekufa. Wolverine anayefuata ni mwingine, mwenye historia yake na aibu zake, na filamu inatumia muda kutuambia hivyo. Uzito wa kifo cha kwanza umebaki.

Kuna pia njia ya kurudi nyuma na kubadilisha wakati, ambayo Fox, studio iliyotengeneza filamu za X-Men, waliitumia katika X-Men: Days of Future Past mwaka 2014. Wolverine anarudishwa 1973, na kila kilichokuja baadaye kinaandikwa upya. Kwa tendo hilo Deadpool aliyeshonwa mdomo katika X-Men Origins ya 2009 akatoweka, na vifo vya The Last Stand vikafutika. Wengi husema filamu hiyo ilitibu migongano yote. Haikutibu yote. Mabadiliko ya 1973 hayagusi kilichotangulia 1973. Katika First Class, Charles Xavier anapooza na kutengana na rafiki yake Erik, yaani Magneto, kwenye ufukwe wa Cuba mwaka 1962. Katika The Last Stand, ambayo ni ya wakati wa zamani kabla haujabadilishwa, Xavier na Erik wanaonekana miaka 20 kabla ya hadithi wakiwa pamoja nyumbani kwa Jean mdogo, na Xavier anatembea kwa miguu yake. Nyakati zote mbili zina 1962 ileile. Mgongano huo upo hadi leo, na dawa ya 1973 haiufikii.

DC walichukua njia tofauti kwa muda mrefu: filamu huku, televisheni kule. Flash wa tamthilia, Grant Gustin, alianza 2014; Flash wa filamu alikuwa Ezra Miller. Hawakudaiana kitu. Walikutana mara moja kwa dakika chache katika Crisis on Infinite Earths, Januari 2020, na kila mmoja akaenda zake. Mpangilio huo ulikuwa na amani ambayo Marvel hawakuwa nayo, japo uliwanyima watazamaji raha ya kuona dunia moja.

Ugumu wa DC umekuja sasa. Tangu Novemba 2022 DC Studios inaongozwa na James Gunn na Peter Safran, na wameanza dunia mpya kwa katuni ya Creature Commandos, Desemba 2024, kisha Superman, Julai 2025. Mwigizaji wa mhusika humsemea kwenye katuni na kumwigiza kwenye filamu: Frank Grillo ni Rick Flag Sr. katika Creature Commandos, katika Superman na katika msimu wa 2 wa Peacemaker. Filamu kama The Batman ya Matt Reeves zinawekwa pembeni chini ya jina Elseworlds, maana yake wazi kwamba usizitafutie uhusiano. Hadi hapo mambo ni safi.

Tatizo ni Peacemaker yenyewe. Msimu wa 1 ulitoka 2022 katika dunia ya zamani, na katika sehemu ya 8, ya mwisho, Justice League wa zamani, kikosi cha mashujaa wa DC, wanafika wakiwa wamechelewa: Jason Momoa na Ezra Miller kwa sura zao, Superman na Wonder Woman kwa vivuli. Msimu wa 2, ulioanza Agosti 2025, uko katika dunia mpya, na wahusika wanakumbuka karibu kila kitu cha msimu wa 1. Suluhisho liliwekwa mahali ambapo wengi hubonyeza kuruka: muhtasari wa mwanzoni. Humo tukio lile limepigwa upya, na wanaofika sasa ni Justice Gang wa filamu ya Superman. Msimu wa 1 wenyewe bado unawaonyesha Momoa na Miller kama ulivyorushwa, kwa hiyo anayetoka sehemu ya 8 na kuingia moja kwa moja kwenye hadithi ya msimu wa 2 atadhani ameona kosa. Usiuruke muhtasari huo. Unaposigana na msimu wa 1, fuata muhtasari.